Tumeishika Halali, Tumeiacha Twayyib

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeturuzuku vilivyomo barani na vilivyomo baharini, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika Surat al-Baqara Mwenyezi Mungu amewaita watu wote, si waumini peke yao, akawaamrisha wale katika vitu vya ardhi vilivyo halali na vilivyo twayyib. Sifa hizi ni mbili, wala si moja iliyosemwa mara mbili. Halali ni kile ambacho sheria imekiruhusu. Twayyib ni kile kilicho kizuri chenyewe, kisafi, kisichodhuru mwili, ambacho tabia iliyo salama haikichukii. Chakula chaweza kuwa na sifa ya kwanza kikakosa ya pili, na mwenye kuridhika nacho hivyo ameitii nusu ya amri.

Nusu ya kwanza, alhamdulillahi, watu wa miji yetu ya pwani wameishika. Muislamu wetu akialikwa ugenini huuliza: ni nani aliyechinja? Akinunua biskuti hutazama kama zimetiwa mafuta ya nguruwe. Hayo ni mema, na twaomba yazidi. Lakini nusu ya pili tumeiacha njiani. Ni wangapi kwetu huuliza: nyama hii imechinjwa lini? Maziwa haya yamekaa juani saa ngapi? Samaki huyu ni wa usiku wa leo au ni wa juzi? Tarehe hii iliyo juu ya mkebe imeandikwa na mwenye kiwanda, au imebandikwa na mwenye duka juu ya ile ya zamani? Ng'ombe akichinjwa kwa Bismillahi alfajiri, kisha nyama yake ikatundikwa mpaka magharibi katika joto na nzi, kisu kilikuwa cha halali. Lakini aliyeila nyama ile usiku akaugua, je, amelishwa twayyib?

Leo twataka kuchukua mfano kwa watu wasiokuwa wa dini yetu, nao ni Wajapani. Asije mtu akasema: vipi masheikh watufundisha dini kwa Wajapani? Hatuwachukui kuwa mfano wa itikadi wala wa ibada. Mtume wetu (s.a.w.) alipohama Makka kwenda Madina alimwajiri Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia, na mtu huyo alikuwa hajasilimu, lakini alikuwa mjuzi wa jangwa, na alikuwa mwaminifu wa kazi yake. Basi ujuzi na uaminifu huchukuliwa popote vionekanapo.

Mjini Tokyo palikuwa na soko kubwa la samaki lililoitwa Tsukiji, lililofunguliwa mwaka 1935. Mwezi wa Oktoba 2018 lilifungwa, na kazi yake ikahamishiwa soko jipya la Toyosu, ndani ya jumba lililozibwa na kutiwa ubaridi. Huko, kabla jua halijachomoza, jodari wakubwa hulazwa safu kwa safu, na kila mmoja amekatwa mkia ili nyama ya ndani ionekane. Wanunuzi hupita kabla ya mnada na kurunzi mikononi mwao, wakaimulika nyama ile, wakachukua kidogo wakaisugua baina ya vidole wapate kujua mafuta yake. Muuzaji hakasiriki kwa kuchunguzwa. Mwenyewe ndiye aliyemkata samaki mkia, kwa sababu ajua kwamba samaki asiyeonyeshwa ndani hanunuliwi.

Tulipoyasoma hayo tuliikumbuka hadithi ambayo kila mwanafunzi wa chuoni ameisikia. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina, akaona fungu la nafaka lililopendeza juu. Akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na umajimaji. Akamuuliza mwenyewe kuna nini, naye akajibu kwamba limenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Tazameni, ndugu zetu: yule mtu hakuiba, wala hakuuza nguruwe, wala hakupunguza kipimo. Mvua yenyewe haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa moja tu, kuweka kikavu juu na kibichi chini. Basi Mjapani amkatae jodari mkia uonekane, nasi tuliopewa hadithi hii karne 14 zilizopita tuweke nyanya nzima juu na zilizooza chini. Tummwagie maji samaki wa jana ang'are kama wa leo!

Uangalifu wa watu wale haukomei sokoni. Mvuvi wao mwema, amtoapo samaki majini, humwua mara moja kwa kumchoma ubongo, akamtoa damu, akamtia katika barafu, kwa kuwa samaki aliyehangaika mpaka akafa nyama yake huharibika upesi. Wajapani hupenda kula yai bichi juu ya wali wa moto. Kwa hiyo tarehe inayoandikwa juu ya mayai yao ni ukomo wa siku ambazo yai laweza kuliwa bichi kwa salama. Vyakula vyao vina tarehe za namna mbili: moja ni ya vitu viharibikavyo upesi, nayo ikipita kitu kile hakiliwi, ya pili ni ya vitu vikaavyo, nayo ni ukomo wa ladha yake nzuri tu, si ukomo wa kufaa kwake. Na ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe ulipoonekana nchini mwao mwezi wa Septemba 2001, ilitungwa sheria mwaka 2003, kila ng'ombe akapewa nambari yake ya tarakimu 10. Nambari hiyo huifuata nyama mpaka dukani, na mnunuzi akitaka hujua ng'ombe yule alizaliwa wapi, alilelewa wapi na alichinjwa lini.

Mtu atasema: hao wameumbwa hivyo. La, hakuna taifa lililozaliwa na uaminifu. Wajapani wamefundishwa na misiba, na wamefundishwa na wanawake wao. Mwaka 1955 maziwa ya unga ya kampuni kubwa yalichanganyika na sumu ya zarniki. Watoto wachanga zaidi ya 12,000 waliugua, na zaidi ya 100 wakafa. Na kabla ya hapo, mwaka 1948, wanawake wenye kuchoka na vibiriti visivyowaka na vitu vibovu vya madukani walikwisha kuunda chama cha wenye nyumba, Shufuren, kilichoongozwa na Bibi Oku Mumeo. Alama yao ilikuwa mwiko wa kupakulia wali, na walipokwenda kudai haki waliibeba kama bendera. Mfanyabiashara wa Japani alimjua mnunuzi wake kuwa hasamehi, naye akajifunza kumcha.

Hapa sasa, ndugu zetu, ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kumcha mnunuzi ni jambo jema, lakini lina mpaka, na mpaka wake ni pale mnunuzi asipoona. Mwezi wa Machi mwaka 2000 umeme ulikatika katika kiwanda kimoja cha kampuni ya Snow Brand huko Hokkaido. Maziwa yalikaa na joto, vijidudu vikazaana vikatoa sumu, na unga uliotokana nayo ukatumiwa katika kiwanda cha Osaka. Ilipofika Juni na Julai watu zaidi ya 13,000 waliugua. Na lijueni jambo hili, enyi mama zetu: moto huua kijidudu, lakini sumu aliyokwisha kuitoa haiondoki kwa moto. Maziwa yaliyokwisha haribika hayatwahariki kwa kuchemshwa.

Mwaka 2002 ikabainika kwamba kampuni ya udugu mmoja na hiyo ilifungasha nyama ya Australia kwa jina la nyama ya Japani, ili ijipatie fedha za serikali. Na aliyeifichua siri ile ni mwenye ghala la baridi aliyekataa kunyamaza. Mwaka 2007 ikaja zamu ya Akafuku, nyumba ya vitamtamu ya mji wa Ise iliyoanzishwa mwaka 1707. Baada ya miaka 300 ya sifa njema, ilionekana kwamba vitamtamu visivyouzwa vilikuwa vikigandishwa, kisha hubandikwa tarehe mpya kana kwamba vimetengenezwa siku hiyo. Yalikuwa mengi ya namna hii mwaka ule, hata watu wa Japani, ambao kila mwisho wa mwaka huchagua kwa kura herufi moja ya kuutaja mwaka, waliichagua herufi ya maana ya "uwongo". Ikaandikwa kwa wino mbele ya watu wote katika hekalu la Kiyomizu, Kyoto. Ni watu wangapi duniani wangekubali kuiandika aibu yao hadharani namna ile?

Basi sheria ilikuwako, na tarehe zilikuwako, na wakaguzi walikuwako, na mnunuzi mkali alikuwako. Na bado mkono ulighushi pale palipokuwa na giza. Ni nini kitakachouzuia mkono gizani? Mwalikumbuka jawabu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattwab alipokuwa akizunguka usiku Madina alimsikia mama akimwamrisha binti yake ayatie maziwa maji. Binti akasema kwamba Amirul-Muuminina amekataza. Mama akamwambia kuwa Umar hawaoni. Binti akajibu kwamba ikiwa Umar haoni, Mola wa Umar aona. Umar alimwoza binti huyo mwanawe, na katika kizazi chake akatoka Umar bin Abdul-Aziz. Hiyo ndiyo kufuli ambayo Tokyo haina fundi wa kuifua, nayo ni takwa.

Lakini tusifurahi upesi. Mjapani anayeghushi amemkimbia mnunuzi na mkaguzi tu. Muislamu anayeghushi amwamini Mola aonaye ndani ya fungu, aonaye chini ya barafu, aonaye tarehe iliyofutwa. Kisha akitoka msikitini huenda akatia maji katika maziwa. Ni yupi kati ya hawa wawili aliye na udhuru mdogo zaidi? Mtume (s.a.w.) ametueleza juu ya mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele zimemtimka, amejaa vumbi, ainua mikono akimwomba Mola wake, na chakula chake ni cha haramu na nguo yake ni ya haramu: ataitikiwa vipi? Twalalamika kwamba dua zetu hazipandi. Tuulizane kwanza juu ya mizani zetu.

Wako ndugu watakaosema: sisi ni maskini, nchi yetu ni ya joto, barafu ni ghali, na Japani ni nchi tajiri. Jawabu ya kwanza twaileta kutoka kwa Waislamu wenzetu. Mauritania ni nchi ya jangwa, ni ya joto, si tajiri, na watu wake ni Waislamu. Wavuvi wake hutega pweza kwa vyungu katika Bahari ya Atlantiki, ufundi waliosomeshwa na mtaalamu wa Kijapani. Na pweza wale huchaguliwa, hugandishwa, wakapelekwa Japani wakaliwa na wale wale wanunuzi wasiosamehe. Basi Muislamu aweza kuihifadhi riziki ikafika upande wa pili wa dunia nzima na safi. Je, kwa Mjapani twaweza, na kwa jirani yetu tunayesali naye safu moja hatuwezi? Na jawabu ya pili ni fupi zaidi: barafu yataka fedha, lakini kusema "huyu ni wa jana, kwa hiyo bei yake ni nusu" hakutaki fedha. Maduka ya Japani hufanya hivyo jioni: chakula kilichopikwa siku ile hubandikwa karatasi ya kupunguzwa bei, mpaka nusu yake, na kila mtu ajua ni kwa sababu gani. Maskini hupata cha bei nafuu, na mwenye duka hapati hasara yote. Kweli haikumfukarisha mtu.

Sheria yetu imelipanga jambo hili zamani. Fuqahaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema wazi kwamba muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa ni wajibu kumwambia mnunuzi, na kuificha ni haramu. Na mnunuzi akiigundua aibu iliyokuwako kabla hajapokea, ana hiari ya kurudisha. Kibandiko kisemacho "mali ikishauzwa hairudishwi" hakiibatilishi hukumu hiyo. Na katika miji ya Kiislamu alikuwako muhtasib, mwangalizi wa soko. Kitabu cha Abdul-Rahman al-Shayzari, aliyeishi katika karne ya 12, kina milango juu ya wachinjaji, na wapishi, na wauza samaki, na chawataka waoshe vyombo vyao kila siku. Kenya nayo ina sheria ya vyakula tangu mwaka 1965, Sura ya 254, ikatazayo kuuza chakula kibovu au kilichotengenezwa mahali pachafu. Hatukosi hukumu. Twakosa wenye kuzidai.

Walakini, tusiuchukue mfano wa Wajapani wote kama ulivyo. Kupenda kilicho kipya kukipita kiasi hugeuka kiburi, na hilo limewapata. Wafanyabiashara wao walizoea kuugawa muda wa chakula mafungu matatu. Kisichofika dukani katika fungu la kwanza hukataliwa, ingawa hakijaharibika, na ni siku hizi tu ndipo wengi wao walipoanza kuilegeza ada hiyo. Mnunuzi naye huupeleka mkono nyuma ya rafu atoe chenye tarehe ya mbele, hata kama atakila usiku ule ule, na kile kilichoachwa mbele hutupwa. Katika mwaka 2022 chakula kilichotupwa Japani kingali chafaa kuliwa kilikuwa tani milioni 4.72, na nusu yake ilitoka majumbani. Wenyewe wameliona, mwaka 2019 walitunga sheria ya kupunguza upotevu huo, na tangu 2021 maduka yao hubandika matangazo ya kuwaomba watu wachukue kilicho mbele.

Huo ndio israfu, na Mwenyezi Mungu hawapendi wenye israfu. Mtume wetu ametufundisha kwamba tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe. Nasi tusiwacheke Wajapani. Twende tukatazame majaa yetu asubuhi ya mwezi wa Ramadhani, tuone mahamri na sambusa na wali vilivyopikwa kwa kujionyesha, vikamwagwa, na jirani amefuturu kwa maji. Twayyib haiko katika kukataa kilicho kizima kwa sababu si cha saa hii; wala haiko katika kumlisha mtu kilichooza kwa sababu hakujua. Iko baina ya mawili hayo, na mlango wake ni kusema kweli.

Basi twausia hivi. Wewe uuzaye, kitenge cha leo na cha jana, na ukiulizwa sema. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi kwa kukaangiwa yamwage. Uliyookoa ni shilingi chache, na tumbo la mwana wa mwenzio si mahali pa kuyatupa. Usiifute tarehe, wala usiibandike nyingine juu yake. Huo ni ushahidi wa uwongo, ingawa hukuapa kwa ulimi. Wewe ununuaye, usione haya. Fungua matamvua ya samaki, uliza maziwa yalikamuliwa lini, soma tarehe. Na ukiona ghushi irudishe kwa adabu, wala usinyamaze kwa kuwa muuzaji ni jamaa yako. Kunyamaza kwako ndiko kulikomlea. Tena ukipata kizima kilichopunguzwa bei, na utakila leo, kichukue na umshukuru Mola. Nanyi maimamu na walimu, mnapowafundisha watoto masharti ya kuchinja, msiwaache pale kisu kinapoinuka. Wafundisheni na hadithi ya fungu la nafaka, mpaka kila mtoto ajue kwamba mkono wa Mtume uliingia ndani.

Na kina mama wa miji yetu, ninyi ndio wenye soko, kwa sababu ninyi ndio wenye kikapu. Wake wa Japani waliinua mwiko wa wali, wakasikizwa. Hatuwaambii mtoke barabarani kwa makelele. Twawaambia mkubaliane, kumi katika mtaa mmoja, kwamba mwenye kughushi hamtanunua kwake mpaka atubie, na mwenye kusema kweli mtamnunulia hata akizidisha senti kidogo. Mwezi mmoja hautapita soko halijabadilika.

Ewe Mola wetu, uturuzuku kilicho halali na kilicho twayyib, utukinge na kughushi na kughushiwa, utuepushe na kutupa neema yako, na utujaalie tuione aibu ya mizani zetu kabla hazijawekwa zako. Amin.